Chogo

Skrubu nne. Tatu zilikubali.
Ya nne ilishika kutu, Arvid akaitukana
kwa Kinorwe cha babu yake,
lugha asiyoijua ila kwa matusi,
nami juu ya kiti cha abiria, viatu nimevua,
nimeikumbatia televisheni, kifua kwenye kioo,
nikisubiri uzito uniangukie.

Tuko Arizona, Januari, jangwani nyuma ya kituo cha mafuta,
magari-nyumba mia mbili yamejipanga bila mtaa wala namba,
karibu sote wastaafu, sote watoro wa theluji.
Nyumbani Saskatchewan leo mate yanaganda kabla ya kufika chini.
Hapa nzi ametua kwenye bisibisi.

Inchi kumi na tisa kwa mbele.
Kwa nyuma, nani aliwahi kupima?
Miaka ishirini na mitatu imekaa juu ya kichwa cha dereva
ndani ya kabati la mwaloni,
uso kwetu, chogo barabarani.
Imefika Alaska kinyumenyume.
Imevuka milima ile yote haijaiona hata mmoja,
ilituona sisi tu, tukimenya viazi,
tukinuniana, tukicheza karata kwa njiti za kiberiti.

Thibault wa gari la jirani alikuja na mkanda wa kiuno.
Wakaishusha wawili, wakinguruma,
wakaitua juu ya meza ya nje kama mgonjwa.
"Nilidhani mmeng'oa injini," alisema,
akaomba bia.

Nyuma yake: vumbi, tena vumbi lililofumana kama sufu.
Kiota cha panya, amekitandika Montana yote,
kaitafuna ramani mpaka kwenye mto.
Na kipande kimoja cha fumbo la picha,
buluu tupu, mbingu,
kile cha Krismasi ya mvua ambacho Kirsten aliapa
kwamba mdogo wake amekimeza.
Nels alikana mpaka akatapika.
Ana miaka thelathini na mmoja sasa, yuko kwenye visima vya mafuta,
na dada yake hupata habari zake kwangu.
Nimekiweka kwenye pochi. Sijui nimtumie nani.

Mpya ni bapa. Arvid aliibeba kwa mkono mmoja,
kama mhudumu na sinia, akijisifu:
voti kumi na mbili, haitaki jenereta,
inchi thelathini na mbili!
Tukaona vinyweleo vya msoma habari.
Tukaona kwamba amelia kabla ya kuja kazini, au ana mafua.

Lakini nyuma yake pana shimo,
shimo la kumtosha mtoto aliyejificha.
"Tutatia mablanketi," Arvid alisema.
Siku ya pili akasema kofia.
Hatujatia kitu.

Hili sikumwambia:
ile ya zamani, ikizimwa, kioo chake chenye tumbo
kiliibeba nyumba yetu nzima, jiko, pazia, meza,
vimepinda kama vilivyo ndani ya kijiko.
Mwaka ule wa moyo wake, alipokuwa haongei,
akikaa mezani saa nane usiku akihesabu vidonge,
nilimlinda humo, nikiwa nimelala kitandani,
mtu mdogo kama dole gumba, mgongo umekunjamana,
asijue kama ninamwona.
Usiku nilioona mkono wake umetulia mno
ndio usiku tuliofika hospitali.

Hii bapa ikizimwa ni nyeusi tu. Haimrudishi mtu.
Sasa nikitaka kujua kama anapumua
sina budi kugeuka mwenyewe, kwa nyonga hii mbovu,
mpaka gari linayumba.

Nageuka. Amelalia ubavu, ukutani,
shingo ina michirizi ya jua, nywele zinataka mkasi.
Naweka pua hapo, pana joto.
Wasemao akupaye kisogo si mwenzio
hawajalala kitanda chembamba hivi.